Maji Yaliyougua Rumonge

Walisema sitafika hata Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Walisema nikifika Kalemie nitalala kituoni, na sanduku langu litaondoka na mtu mwingine. Walisema mtoto wa mjane aliyekulia kubeba mikungu ya michikichi kichwani kutoka Kizuka hawezi kukaa darasani na watoto wa makarani, na kwamba Kifaransa changu kinafaa kuitia mbuzi. Fundi cherehani wa mtaa wetu, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, alisema mbele ya watu: "Huyu akirudi na diplome, miye nitashona suruali na meno."

Nilirudi na diploma. Niliiweka juu ya cherehani yake, muhuri ukiangalia juu, nikamwacha aisome polepole.

Niliondoka mwaka wa Uhuru. Nilivuka ziwa kwa meli, nikapanda treni kwenda kusini, Katanga, nikapita katikati ya vita vya watu wengine nikiwa na sanduku la bati na viatu vya kuazima. Shule ya maajenti wa afya haikuwa ya mchezo. Nilitoka wa pili, na yule wa kwanza alikuwa anarudia mwaka. Hakuna aliyenishika mkono huko. Lakini safari ilihitaji fedha, na hizo zilitoka kwa watu watatu wa mtaa wetu, mtaa wa Waswahili, yaani Waislamu. Mzee mmoja tuliyemwita Hadji, mwenye mitumbwi ya kuvulia ndagala, dagaa wa kwetu, na sauti ya mwisho msikitini, alitoa nauli. Mama mmoja muuza mawese alitoa ada ya mwaka wa kwanza. Na fundi cherehani, yule yule wa meno, alitoa suti ya kuanzia shule, huku akinicheka alipokuwa akinipima mabega.

Hawakuniwekea siku ya kulipa. Wakati ule nilidhani ni wema.

Niliporudi nilipewa pwani yote, kuanzia Rumonge kupanda hadi Muhuta. Nilikagua vyoo, visima, machinjio na masoko. Nilikuwa na velomoteri, baiskeli ya injini, kabla ya walimu kuwa nazo, na radio yangu ilisikika hadi nyumba ya nne. Mabati ya kuezekea nyumba ya mama yangu yalikuwa yamepangwa ukutani, yakingoja mbao. Watu waliniita Docteur wa Vyoo. Niliwaacha waite. Kipindupindu hakijui kucheka.

Kusini kidogo mwa mahali pa kuanikia ndagala kulikuwa na ghuba ndogo ya mchanga mweupe. Zamani za wakoloni ilizungushiwa waya, na kwenye nguzo ya chuma palikuwa na maandishi ya Kifaransa yaliyotuambia tukae mbali. Mwaka wa Uhuru vijana waling'oa waya ule wakaupeleka kufungia mabanda ya kuku. Nguzo ilibaki, imara, bila maandishi. Tangu siku hizo ghuba ikawa yetu. Jumapili Wakristo waliogelea baada ya misa, Ijumaa Waislamu baada ya sala, na siku zilizobaki kila mtu. Na asubuhi ya Idi, kabla ya kuvaa kanzu mpya, wanaume wote wa mtaa wetu waliteremka pale na watoto wao kuoga josho la sikukuu. Ilikuwa fahari. Ukimwambia mtu asiingie kwenye ghuba ile, ulikuwa unamrudisha nyuma ya waya.

Mwaka ninaousimulia ni ule uliotangulia 1972. Ramadhani iliangukia kwenye joto, mvua zikiwa zimechelewa. Upepo wa kusini ulikatika. Ziwa, ambalo siku zote linapumua hata likiwa limelala, likatulia kama mafuta kwenye karai. Kisha ghuba ikaanza kubadilika. Kwanza niliona michirizi, kama mtu amepitisha brashi ya rangi juu ya maji. Siku zilizofuata michirizi ikaungana. Maji yakawa mazito, ya kijani, na pale yalipogusa mawe yalikauka yakawa bluu. Harufu ilikuwa ya majani yaliyofungiwa kwenye gunia. Samaki wadogo walikuja ufukweni wakapanua midomo hewani.

Wengine waliona uchafu. Mimi nilijua ni nini. Mwalimu wetu wa somo la maji, Mzungu mfupi wa kiko, alitufundisha habari ya maji yanayochanua: vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja, vinavyozaana jua likiwa kali na maji yakiwa yamesimama, na vingine vina sumu. Wenzangu walisinzia siku ile, kwa sababu kwao hapakuwa na ziwa. Mimi nilikaa wima. Nilikumbuka hasa jambo moja: sumu ya aina hii haiogopi moto. Ukiichemsha, umeipasha joto tu. Na Rumonge nzima ilikuwa inachemsha maji, kwa sababu mimi mwenyewe niliwafundisha kuchemsha, na kwa kuhara damu nilikuwa sahihi.

Nilichukua ubao, nikaandika kwa rangi nyeusi, herufi za kusomeka toka barabarani: MAJI HAYA YANA SUMU. USIOGE. USINYWE. USINYWESHE MIFUGO. KUCHEMSHA HAKUSAIDII. Nikaufunga kwenye nguzo ile ya chuma.

Vijana walikuwa majini hadi kifuani.

"Amahoro, Docteur wa Vyoo!"

"Amahoro. Tokeni majini."

"Muzungu alitufukuza na waya. Weye unatufukuza na ubao?"

"Angalieni ngozi zenu."

Mmoja aliinua mguu. "Iko kijani kama bendera yetu! Bado nyekundu na nyeupe!"

Walicheka hadi wakamwagiana maji. Nyekundu ilikuja kesho yake. Walijikuna mapaja hadi wakatoka vidonda, na wawili walitapika usiku kucha. Kisha mbuzi wa Hadji, aliokuwa amewaweka kwa ajili ya Idi, waliachiwa wanywe ghubani kama kawaida. Walitembea hatua chache wakalegea miguu ya nyuma. Jioni walikuwa wamevimba kwenye mchanga, na hata mbwa hawakuwasogelea. Mjukuu wa Hadji, aliyekuwa amefuturu uji uliopikwa kwa maji hayo, alikaa siku mbili haamki vizuri. Alipona. Lakini siku hizo mbili mtaa mzima ulinyamaza, na ukimya wa mtaa wetu sikuwahi kuupenda.

Nilidhani sasa watauamini ubao. Na kweli waliuamini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwetu sumu si kitu kinachoota. Sumu huwekwa. Mtu akianguka baada ya kunywa pombe, haulizwi alikunywa kiasi gani, huulizwa alikaa na nani. Kwa hiyo neno langu lilipokaa juu ya nguzo na mbuzi wakafa chini yake, watu walisoma kile ambacho sikukiandika. Niliwasikia sokoni, niliwasikia kwenye foleni ya mafuta ya taa, wakinong'ona swali moja: nani aliweka?

Na mtu alikuwepo. Juu ya ghuba, kando ya korongo, aliishi fundi sabuni aliyetoka upande wa Fizi, huko Kongo. Alikimbia vita vya kwao, akaja na mke na mtoto, akawa Mkristo pekee kwenye mtaa wa Waislamu. Alipika mawese na soda kwenye pipa lililokatwa, akakata vipande vya sabuni kwa waya, akauza kwa bei nzuri. Maji machafu ya pipa lake yaliteremka korongoni hadi ghubani. Yalikuwa meupe kama maziwa yaliyokatika. Lakini yaliteremka.

Hadji aliniita nyumbani kwake. Alikuwa amekaa mkekani barazani, fundi cherehani upande mmoja, mama wa mawese upande mwingine. Nilipoona wote watatu pamoja nilijua nimeitiwa nini.

"Umeandika sumu," Hadji alisema. "Umeandika wewe, kwa mkono wenye diploma."

"Nimeandika, Hadji."

"Sumu haitembei peke yake. Kama kuna sumu, kuna mtu."

"Ni vijimea, Hadji. Vinaota majini jua likizidi na upepo ukilala."

"Vijimea!" Fundi cherehani alipiga goti. "Tumemutuma mpaka Katanga, amerudi na vijimea!"

Mama wa mawese alicheka, akaona Hadji hacheki, akaacha.

"Ijumaa, watu wakitoka msikitini, chef wa zone atakuwa sokoni," Hadji aliendelea, taratibu, kama mtu anayepanga harusi. "Utasimama. Utasema ni maji ya yule wa sabuni. Maneno machache tu. Yanayofuata hayakuhusu."

"Na nisiposema?"

"Nani amekulazimisha, mwanangu? Ila tutakaa hapa hapa, tuzungumze ile nauli yako. Na ada. Na suti. Kabla ya Idi."

Nimeulizwa mara nyingi, na watu waliosoma kuliko mimi, kwamba mauaji ya 1972 yalianzia wapi. Wao hutaja viongozi, kambi na radio. Mimi huona mkeka ule, na mzee mwenye heshima anayesema kwa upole, yanayofuata hayakuhusu. Miezi michache baadaye swali lile lile lilitembea pwani nzima likiwa na panga, kisha likarudi likiwa na malori ya askari, na watu wenye diploma walitafutwa kwa sababu ya diploma zao. Mimi nilikimbia nikavuka ziwa mara ya pili, nikarudi baadaye, na bado nipo. Kati ya wale watatu wa barazani, baada ya mwaka ule nilimwona tena mmoja tu.

Lakini siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba nikifungua kinywa Ijumaa, nyumba ya fundi sabuni haitafika Jumamosi.

Nilimwendea. Alikuwa anakoroga pipa kwa mwiko mrefu, hakuacha kukoroga.

"Docta, unakuja kununua, ama unakuja kunihamisha?"

"Umesikia wanayosema?"

"Nasikiaka. Wanakuja kusemea nyuma ya dirisha, ili nisikie vizuri." Alinyanyua kidevu kuelekea mlangoni pake. Mtu alikuwa amemwaga pale ndoo ya maji ya ghuba. Yalikuwa yamekauka, bluu, kwenye kizingiti chote. "Muke wangu amesugua na sabuni yetu mara mbili. Haitoki."

"Ondoka kwa muda. Nenda hata Kabezi."

"Nilishakimbia mara moja, na mutoto mugongoni. Nikikimbia leo watasema ni kweli. Na sabuni hii ingali laini."

Mimi si mtu wa kubembeleza. Niliwasha velomoteri nikapanda pwani kuelekea Muhuta, nikasimama kwenye kila kighuba kilichokingwa na mawe. Niliyakuta maji yale yale: kijani, mazito, yenye harufu ile ile, mahali ambapo hakuna pipa wala korongo wala mtu wa Fizi. Nilijaza mtungi wa glasi wa kazini. Niliporudi Rumonge nikajaza mwingine kutoka ghuba yetu. Niliiweka dirishani. Vijimea vikapanda juu vikakaa kama malai juu ya maziwa, sawasawa katika mitungi yote miwili. Nilifurahi. Huo ulikuwa ushahidi ambao hata mwalimu wangu wa kiko angeukubali.

Ijumaa soko lilijaa. Chef wa zone, mtawala wa eneo letu, alikaa kwenye kiti alicholetewa, akifuta jasho. Fundi sabuni naye alikuja, akasimama peke yake kwenye jua, kwa sababu kila kivuli alichosogelea kilikuwa kimejaa ghafla. Niliweka mitungi juu ya meza ya mama wa mawese, nikainua sauti.

"Huu ni wa hapa. Huu ni wa Muhuta. Tazameni wenyewe. Huko Muhuta hakuna sabuni. Hakuna aliyemwaga kitu. Ni maji yale yale."

Watu walitazama. Nilisubiri waelewe. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Basi alifika mpaka Muhuta!"

"Ana miguu," mwingine akasema.

"Na ana baiskeli!"

Kuna kicheko ambacho hakina furaha ndani yake, na ndicho kilichopita sokoni. Duara likasogea. Mtu mmoja aliokota jiwe akaanza kulirusha mkono huu kwenda mkono ule, bila kumtazama yeyote. Nilielewa kwamba ningeleta mtungi kutoka Bujumbura wangesema ana gari. Ushahidi wangu ulikuwa unampa yule maskini ukubwa ambao hakuwa nao. Neno langu, sumu, lilikuwa sahihi, na hata leo katika ripoti ningeliandika, lakini maadamu lilikuwa juu ya nguzo lingeendelea kutafuta mtu.

"Hakuna sumu," nilisema.

Chef wa zone aliacha kufuta jasho. "Uliandika mwenyewe."

"Nimechunguza tena. Maji yanaugua."

Jiwe lilisimama kwenye kiganja.

"Yanaugua nini?" Alikuwa mama wa mawese, aliyeuliza kama anavyouliza habari za jirani.

"Homa. Upepo uliyaacha, jua likayapiga, yakapata homa. Unaona rangi? Unasikia harufu? Ni mgonjwa. Mgonjwa haogewi ndani yake. Hachemshwi. Anaachwa alale."

"Atapona?"

"Upepo ukirudi na mvua ikinyesha, atapona."

Aliisogeza mitungi yangu pembeni ili apate nafasi ya vibaba vyake. "Kama iko mugonjwa, tumwache," alisema. "Nani anaingia kitandani kwa mugonjwa?"

Watu wa kwetu wanajua kukaa mbali na mgonjwa. Hakuna shule iliyonipa maneno yale. Niliyatoa kichwani mwangu, nimesimama, mbele ya jiwe. Yule aliyelishika alilitazama kama anashangaa limefikaje mkononi mwake, akaliangusha, akafuta kiganja. Chef wa zone alisimama, akasema amesikia, kila mtu aende kwake. Mama wa mawese akamwita fundi sabuni, akanunua kipande kimoja, kwa sauti, akibishana bei kama siku zote. Nadhani hakuwahi kupunguziwa bei kiasi kile.

Yule wa sabuni alikaa Rumonge hadi Aprili iliyofuata. Baada ya hapo sijui.

Nilikuwa narudi kuchukua velomoteri wakati Hadji aliponisimamisha. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nilikusomesha uje useme hakuna mtu?"

"Ulinisomesha niseme kilichopo, Hadji."

"Idi imekaribia. Nitakungoja nyumbani."

Jioni ile niliteremsha ubao, nikaufuta kwa mafuta ya taa, nikaandika upya: MAJI YANAUGUA. TUYAACHE YAPONE. Asubuhi ya pili niliona watoto wamesimama mbele yake, wakiwa wamejishika mikono mgongoni, wakinong'ona kama walio kwenye mlango wa wodi. Hakuna aliyelowesha hata kidole.

Kisha nikauza. Velomoteri ilinunuliwa na karani wa kahawa ambaye alikuwa ameitamani tangu nilipoileta. Radio ilikwenda Kizuka. Habari ya kuuza mabati nilimwambia mama mwenyewe; aliyatazama ukutani, akasema nyasi hazina makelele mvua ikinyesha, akaingia ndani. Nilimwahidi nitanunua mengine, na nilinunua, mazito zaidi, lakini hiyo ni habari ya miaka mingine.

Siku ya kuamkia Idi nilivaa shati safi nikatoka kulipa.

Mama wa mawese alikuwa anapanga chupa zake. Alipokea, akafunga kwenye ncha ya kitenge bila kuangalia. "Murakoze, mwanangu. Lakini mbona haraka hivi? Unasafiri?"

"Sisafiri, mama."

"Mutu anayelipa wote siku moja anasafiri," alisema, akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Fundi cherehani alikuwa na kanzu za watu hadi kwenye dari. Nilimwekea fedha ya suti mezani, na nikaongeza juu yake, ili asije akasema. Aliisogeza kwa ncha ya mkasi.

"Miye sikusema ulipe sasa."

"Ulikuwa umekaa pale barazani."

"Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli," alijibu, akarudi kwenye mshono wake.

Hadji nilimwacha mwisho, maana nauli yake ndiyo iliyofungua njia. Baraza lilikuwa na watu, wakingoja habari za mwezi. Nilitoa salamu, wakaitikia nusu. Nilimpa kwa mikono miwili kama nilivyolelewa, nikasema kwa sauti ya wote kusikia kwamba hii ni nauli ya Kalemie, yote, na namshukuru, kwa sababu bila yeye nisingefika. Nilimaanisha. Mpaka leo namshukuru.

Aliweka fedha chini ya paja. Alinyoosha kanzu.

"Sasa huna deni kwa mtu," alisema. "Na huna mtu."

Wengine walitazama mikeka. Hakuna hata mmoja aliyecheka, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Nilivaa viatu vyangu ngazini, nikafunga kamba polepole, za kulia kisha za kushoto, kama mtu asiye na haraka. Nikashika barabara kwa miguu. Milango ya mtaa ilikuwa wazi kwa ajili ya sikukuu, taa zinawashwa, na katika kila mlango niliopita mazungumzo yalisimama, yakangoja nipite, yakaanza tena chini kidogo. Nilitembea katikati ya barabara, kichwa juu, mikono mitupu.